Seva yetu ya misimbo Dodoma imeelemewa: tuhame au tutengeneze tuliyo nayo?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu wawili tulimaliza UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) tukaamua kubaki hapa Dodoma. Tunaendesha huduma ndogo ya kuhifadhi misimbo (maandishi ya programu za kompyuta) kwa Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko yake. Wateja wetu ni wanafunzi, vijana wanaotengeneza mifumo ya maduka na vyama vya ushirika, na ofisi chache za watu binafsi. Mtu akishapushi (kutuma) kazi yake kwetu, seva inaijenga na kuipandisha hewani yenyewe. Tunatumia Gitea kama tovuti ya misimbo, PostgreSQL kama hifadhidata, na Docker ya kuendesha programu za wateja, kila moja kwenye kontena lake. Seva mbili ziko ofisini kwetu Nkuhungu, moja tumeikodi nje ya nchi. Yanayotusumbua ni matatu. Diski inajaa kila mara. Umeme ulipokatika mwezi uliopita, repo mbili (ghala za misimbo za miradi) ziligoma kufunguka, zinaandika "object file is empty". Na haipiti wiki bila mteja kupandisha toleo jipya likamharibikia mbele ya wateja wake, halafu anatupigia simu usiku. Mwenzangu mmoja anataka tuhamie Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena kwenye seva nyingi kwa pamoja, mwingine anataka tuongeze vipengele ili tushindane na kampuni kubwa. Tuanzie wapi?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Hayo matatu naona yana mzizi mmoja: huduma yenu inajua kwenda mbele tu, haijui kurudi. Repo ikiharibika hamna pa kuirudisha kutoka, toleo likiharibika mteja hana pa kurudi, na diski ikijaa mnafuta bila kujua mnachofuta. Kubernetes haitatibu hilo, wala vipengele vipya. Jengeni kwanza njia ya kurudi, mengine yatafuata.

Anzeni na zile repo mbili leo hii, maana humo kuna kazi za watu. Git huhifadhi kila faili, kila folda na kila komiti (hatua ya kazi iliyohifadhiwa) kama kipande kinachojitegemea, chenye jina linalotokana na yaliyomo. Umeme ukikatika wakati seva inaandika, jina la kipande linaweza kuwa limeshafika kwenye diski ilhali yaliyomo bado yako kwenye kumbukumbu ya muda. Mkiwasha mnakuta faili lenye jina sahihi na ndani hamna kitu. Hivyo ndivyo ujumbe huo unavyosema.

Msifute repo. Nakilini folda yake nzima pembeni, mfanye kazi kwenye nakala. Ingieni ndani yake mwendeshe `find objects -type f -empty`, mtaona mafaili matupu. Yaondoeni, kisha mwendeshe `git fsck --full`, itawatajia kipi kinakosekana. Sasa mpigieni mwenye repo, mwambieni asiguse chochote kwenye kompyuta yake. Kama alichukua repo kamili, bila `--depth` inayokata historia, anayo historia yote hadi siku aliyosawazisha mara ya mwisho. Msitegemee `git fetch` peke yake: ikiona tawi (mstari wa kazi) la kwenye seva tayari linataja komiti ile, inaweza kudhani kila kitu kipo ikaacha kuleta. Njia ya uhakika ni kuchukua folda ya `objects` iliyo ndani ya `.git` yake na kuimimina kwenye `objects` ya nakala yenu bila kufuta vilivyomo, kisha mrudie `fsck` mpaka inyamaze. Hapo ndipo mtakapoirudisha mahali pake.

Kwa nini zikaharibika hizo mbili tu na nyingine zikapona? Mtu akipushi vipande vichache, chini ya 100, seva ya Git kwa kawaida huvifungua na kuviandika kimoja kimoja. Vikiwa vingi huviacha kwenye kifurushi kimoja. Na tangu Git 2.36 kuna mpangilio wa `core.fsync` unaoamua ni vitu gani lazima vithibitishwe kuwa vimefika diskini. Kwa mpangilio wa kawaida, vipande vya kimoja kimoja havimo. Kwa hiyo aliyepushi marekebisho madogo dakika moja kabla ya umeme kukatika ndiye aliyeumia. Kwenye seva wekeni `core.fsync` iwe `all`. Kupushi kutakuwa kuzito kidogo, na huo ni uzito unaostahili kubebwa.

Kuhusu UPS, betri inayoshikilia seva umeme ukikatika, nadhani mnayo, na nadhani pia haijaunganishwa na seva kwa waya wa data. Ofisi nyingi za hapa mjini nazozijua ziko hivyo. UPS bila waya ule inaahirisha tatizo kwa dakika chache tu, betri ikiisha seva inaanguka vilevile. Ungeni waya wa USB, wekeni NUT, programu ya kusikiliza UPS, na muiamuru izime seva kwa utaratibu betri inaposhuka. Kisha mwende kwenye swichi kuu mkate umeme makusudi, saa ambayo hakuna mteja, mtazame kama kweli inajizima.

Sasa bakapu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo huduma kubwa kuliko yenu zilipoanguka.

Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa GitLab, huduma kubwa ya kuhifadhi misimbo, alikuwa akihangaika usiku na hifadhidata ya pili iliyokuwa imebaki nyuma ya ile kuu. Akakusudia kufuta folda ya data kwenye seva ya pili, akaifuta kwenye seva kuu. Alisitisha ndani ya sekunde chache, lakini kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki nne na nusu hivi. Walipogeukia bakapu wakakuta ghala walikodhani zinapelekwa ni tupu. Programu ya kutoa nakala ilikuwa ya PostgreSQL 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo kila siku ilishindwa. Na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi aliitoa kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita ilipotea. Misimbo yenyewe ilibaki salama, ila maoni, akaunti mpya na taarifa za miradi mipya zilikwenda.

Tazameni hilo la mwisho. Wengi wanaoendesha huduma kama yenu huwaza repo tu. Lakini repo, kama tulivyoona, ina nakala kwa kila aliyeichukua. Kisicho na nakala popote ni kile kilichomo kwenye PostgreSQL: nani ana ruhusa gani, funguo za SSH za kuingilia, majadiliano ya hitilafu, mipangilio ya kupandisha. Hivyo ndivyo vya kulindwa kwanza.

Kwa ukubwa wenu fanyeni hivi. Kila usiku simamisheni Gitea kwa dakika chache, toeni hifadhidata kwa `pg_dump` na mnakili folda ya repo pamoja, ili viwili hivyo viwe vya wakati mmoja. Kisha ile seva ya nje ya nchi ndiyo ije kuchukua nakala. Seva kuu isipewe ufunguo wa kuandika kule. Sababu ni Code Spaces. Ilikuwa kampuni ya kuhifadhi misimbo, kazi ileile mnayoifanya. Juni 2014 mvamizi aliingia kwenye akaunti yao ya Amazon na kudai pesa. Walipojaribu kumtoa akafuta seva, data na bakapu, kwa kuwa vyote viliongozwa na akaunti ileile moja. Katika saa 12 kampuni ilikuwa haina tena cha kuendesha, ikafungwa. Nakala mojawapo ya kwenu iwe chini ya akaunti nyingine, nywila nyingine, na barua pepe nyingine ya kurejesha nywila.

Na nakala ambayo haijawahi kurudishwa msiihesabu. Mara moja kwa mwezi mmoja wenu achukue kompyuta isiyo na kitu, arudishe huduma nzima kutokana na bakapu, aingie kama mteja, aone majadiliano yanafunguka, aendeshe `fsck` kwenye repo kadhaa, na alinganishe komiti ya mwisho na ile ya kwenye seva kuu. Aandike ilichukua muda gani. Muda huo ndio mtakaomwambia mteja akiuliza, "Mkianguka, mtarudi baada ya muda gani?"

Jambo moja dogo kabla ya kuacha upande wa repo: kupushi kwa nguvu. Mwanafunzi akifuta historia ya tawi kwa `--force`, seva ya Git kwa kawaida haiweki kumbukumbu ya lile tawi lilikuwa wapi, maana repo za kwenye seva huwa zimezimiwa kumbukumbu hiyo. Washeni `core.logAllRefUpdates`, na tawi kuu la kila mradi mlilinde kupitia Gitea. Baada ya hapo mtu akija analia kuwa mwenzake wa kikundi kafuta kazi ya muhula mzima, mtamrudishia kwa dakika tano.

Diski. Angalieni kwanza kama kilichojaa ni nafasi au idadi ya mafaili: `df -h` na `df -i` hutoa majibu tofauti, na seva iliyojaa vipande vidogo vya Git huweza kuishiwa na hesabu ya mafaili huku nafasi ikiwepo. Halafu tazameni logi (kumbukumbu za matukio) za Docker. Kwa mpangilio wa kawaida logi za kontena hazina kikomo, zinakua tu. Wekeni `max-size` na `max-file`. Imeji za zamani, yaani vifurushi vya programu vilivyokwisha jengwa, nazo zinakula sana. Zifuteni kwa kanuni, lakini kwa kila mteja mbakize matoleo matano ya mwisho yaliyowahi kufanya kazi, kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi. Kwa mafaili makubwa, video za mradi, APK, na `node_modules` nzima, wekeni `receive.maxInputSize` na muwaeleze watu kwa lugha ya kawaida kwa nini imekataliwa. GitHub yenyewe, kampuni kubwa ya kazi hiihii, hukataa faili linalozidi megabaiti 100. Mjue pia kuwa mteja akifuta video kwenye komiti mpya, repo haipungui hata chembe, video imo kwenye historia. Kuitoa kabisa kunahitaji `git filter-repo` na makubaliano na wote wanaoitumia repo ile.

Muhimu kuliko hayo yote: PostgreSQL iwe na diski yake, mbali na Docker. Imeji zikijaza diski yao, mtu atashindwa kujenga. Zikijaza diski ya hifadhidata, kila mtu atashindwa kila kitu.

Nije kwenye simu za usiku. Naamini, kutokana na ulivyoeleza, kwamba mteja akipushi mnasimamisha kontena la zamani, mnajenga jipya, mnaliwasha kwa jina la `latest`. Kati ya kusimamisha na kuwasha hakuna huduma, na likikataa kuwaka la zamani halipo tena. Geuzeni mpangilio. Jengeni kwanza, huku la zamani likiendelea kuhudumia. Imeji ipeni jina la komiti yake, msitumie `latest` kabisa, maana `latest` ya jana na ya leo zina jina moja na hamwezi kuomba ya jana. Washeni kontena jipya pembeni kwenye mlango (port) mwingine. Liulizeni kama ni zima, kupitia anwani inayogusa hifadhidata kweli, si ukurasa unaosema "sawa" bila kuangalia chochote. Likijibu vizuri, elekezeni kwake Nginx, programu inayopokea wageni wa tovuti. La zamani liacheni limewashwa kwa nusu saa. Lisipojibu, lizimeni, mpelekeeni mteja logi, na wateja wake hawatajua kulikuwa na jambo.

Kisha wekeni kwenye ukurasa wa kila mradi kitufe cha kurudisha toleo lililopita. Mwenzako anayetaka vipengele vipya, mpeni hicho akitengeneze. Ndiyo maana nikasema mbakize imeji tano. Mteja akikibonyeza, kazi yake ni kuwasha imeji iliyokwisha jengwa na kuielekeza Nginx kwake. Hakuna kujenga upya, hakuna kupakua, inakwisha kwa sekunde.

Kitufe hicho kitawasaliti sehemu moja: hifadhidata ya mteja. Chukua mfano wa kijana aliyetengeneza mfumo wa chama cha wakulima wa zabibu. Jedwali la `wakulima` lina safu inayoitwa `simu`. Anaona ni bora iitwe `namba_ya_simu`, anabadilisha jina, anapandisha. Toleo jipya lina hitilafu kwenye ukurasa wa malipo, anabonyeza kurudisha. Toleo la zamani linaamka, linatafuta `simu`, haipo. Sasa matoleo yote mawili ni mabovu, msimu wa kuvuna umefika, na mzani unasubiri.

Wafundisheni wateja kubadilisha kwa hatua. Toleo la kwanza liongeze `namba_ya_simu` pembeni ya `simu`, liandike kwenye zote mbili, na linakili za zamani. Toleo la pili lisome kwenye safu mpya tu, huku likiendelea kuandika zote mbili. Baada ya wiki moja au mbili za utulivu, toleo la tatu liache kuandika `simu`, na la nne liifute. Katika kila hatua toleo lililotangulia linaweza kurudi likafanya kazi. Watalalamika kuwa ni kazi nyingi kwa jina la safu moja. Ni kweli, na mara nyingi jibu sahihi ni kuliacha jina kama lilivyo.

Kuna hatari ambayo hukuitaja. Seva inayojenga inaendesha maagizo ya watu msiowajua. Kama kontena la kujengea limepewa soketi ya Docker ya seva (njia ya kuiamuru Docker), anayeandika faili la kujenga ana uwezo wa msimamizi mkuu wa seva nzima, pamoja na repo za wateja wengine. Ujenzi upelekeni kwenye seva yake peke yake, isiyo na funguo za hifadhidata wala bakapu, na tokeni (funguo za kidijitali) za kupandisha ziwe za mradi mmoja na za muda mfupi. Aprili 2022 tokeni zilizotolewa kwa Heroku na Travis CI, huduma za kujenga na kupandisha programu, ziliibwa, zikatumika kupakua repo za siri za wateja kutoka GitHub. Tokeni yenye uwezo mpana ikivuja, hata aliye makini anaumia.

Ile seva nyingine ya Nkuhungu itumieni kama kashe, yaani ghala la karibu, ya vifurushi na imeji. Tangu Novemba 2020 Docker Hub, ghala la imeji mtandaoni, imekuwa na kikomo cha upakuaji kwa anwani ya IP kwa asiyeingia na akaunti, na ninyi nyote mnatoka kwa anwani moja. Wateja wengi wakijenga usiku mmoja mnaweza kugonga ukuta. Halafu kumbukeni tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya nchi nzima ikadorora. Anayejenga kwa kuvuta kila kitu kutoka ng'ambo hawezi siku hiyo hata kurekebisha herufi moja. Mwenye kashe ya karibu anaendelea. Kwa sababu hiyohiyo nisingeweka repo kuu nje ya nchi, wala ofisini kwenu. Tafuteni nafasi kwenye kituo cha data cha hapa nchini chenye jenereta, ile ya nje ibaki ya bakapu.

Kubernetes, hapana, kwa sasa. Moyo wake ni etcd, hifadhidata inayotunza hali ya mfumo wote, na etcd ya seva tatu inahitaji angalau mbili ziwe hai ili ikubali mabadiliko. Mbili zenu ziko jengo moja, umeme mmoja. Ukikatika Nkuhungu, ile ya nje inabaki peke yake na haiwezi kuamua chochote. Mtakuwa mmeongeza kazi ya kujifunza kwa watu watatu bila kuongeza uimara. Wateja wakiongezeka na seva zikatawanyika, tutazungumza tena.

Na kushindana na kampuni kubwa, msishindane kwa vipengele. Heroku ilipofunga mpango wake wa bure tarehe 28 Novemba 2022, wanafunzi wengi duniani walikosa pa kuweka miradi yao, na wengi wa hapa hata wakitaka kulipa hawana kadi ya benki ya kulipia mtandaoni. Pokeeni malipo kwa simu, kwa shilingi, kwa mwezi au kwa wiki. Wajibuni kwa Kiswahili. Andikeni ujumbe wa makosa ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anauelewa. Hayo kampuni ya mbali haitakuja kuyafanya kwa ajili ya Dodoma.

Mnashika majina, barua pepe na namba za simu za watu, na ndani ya hifadhidata za wateja mna za watu wengine zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu. Jisajilini kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mkubaliane kwa maandishi na kila mteja ni nani anawajibika kwa data ipi.

Mwisho ni masasisho ya Gitea yenyewe, ambayo nahisi mmeyaahirisha kwa hofu. Ile kompyuta ya zoezi la kurudisha bakapu ndiyo mahali pa kuyajaribu: rudisheni nakala, sasisheni hapo, pushini mradi wa majaribio, mwone unajengwa na kupanda. Ukifaulu, fanyeni kwenye seva kuu Jumamosi asubuhi, si Ijumaa jioni, wala si wiki ya wanafunzi kukabidhi miradi. Tangazeni siku tatu kabla, mkitaja "kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi", na saa nne ikifika hamjamaliza, rudisheni toleo la zamani mkajaribu Jumamosi nyingine.